Udi wa Bibi na Alama za Nyongeza

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na huruma ya aina yake: akishakufelisha, anakuonyesha mlango wa kutokea. Nilipokuwa kidato cha tatu alitangaza kwamba anayetaka alama za nyongeza alete tatizo la nyumbani kwao na alitatue kwa kemia. Wenzangu wakakimbilia betri za ndimu na volkano za siki. Mimi nikasema nyumbani kwetu kuna udi unaoungua, na nataka kujua kwa nini.

Bibi yangu alikuwa akipika udi katika nyumba yetu ya Kariakoo, ile ya chini iliyobanwa na maghorofa mpaka jua linatufikia kwa zamu. Alichemsha sukari na maji kidogo ikawa shira, akaiacha shira igeuke rangi, kisha akatia unga wa sandali, vipande vya udi na mafuta ya manukato, akamwaga kwenye sinia ipoe. Mabibi harusi wengi wa mtaani wamefukizwa kwa udi wake. Lakini tangu mwaka uanze, kila sinia lilitoka na harufu ya sukari iliyoungua. Wateja hawakulalamika. Watu wetu hawamlalamikii mtu mzima. Wanasema "ahsante bibi, Mungu akuweke," na hawarudi.

Alibaki jirani wa chumba cha mbele, aliyekuwa anamwoza binti yake. Naye siku moja nilimsikia akisema kwa sauti laini, "Bibi, usijichoshe. Ikishindikana nitanunua tu dukani." Bibi alicheka mpaka jirani akaondoka. Kisha akabaki ameshika ncha ya kanga.

"Udi wa dukani," akasema, "kwa binti niliyemfukiza akiwa mchanga. Nikishindwa udi wa huyu, mimi natundika sufuria."

Nilianza na sukari, kwa kuwa mimi ni mtu wa kushuku maduka. Nikaleta ya duka jingine, bibi akapika, ikaungua. Nikashuku gesi, maana mwaka huohuo ndipo tulipoacha mkaa. Tukarudi kwenye mkaa, tukajaza moshi nyumba nzima, ikaungua. Nikashuku sufuria, nikaazima ya jirani. Mwisho nikaomba kipimajoto cha maabara, mwalimu akanikabidhi kama anayetoa mtoto wake.

"Mke mwenzangu," bibi akaniuliza, maana hivyo ndivyo alivyoniita kwa utani, "unampima nani homa?"

"Sufuria, bibi."

"Basi mwandikie na dawa."

Kila jaribio lilikuwa na hatua moja iliyonisumbua. Harufu tamu iligeuka ghafla, ikawa kali kooni, na kipimajoto kikawa bado kinapanda. Nilimtazama bibi. Alikuwa anakoroga tu, uso umetulia, macho kwenye povu. Nikajiambia anajua anachofanya. Mjukuu gani atamwambia bibi yake, jikoni kwake, kwamba shira inaungua? Na kuna jambo jingine lilinishangaza: zamani hakuwa akiitazama sufuria kabisa. Alikuwa akiipa mgongo, akichambua mchele, kisha anainuka wakati uleule unaotakiwa.

Mchana mmoja nilirudi kutoka shuleni nikakutana na uvundo tangu mlangoni. Mfuko wa samaki, vibua, ambao mjomba aliuleta kutoka soko la Feri tangu jana yake, ulikuwa umesahaulika nyuma ya mtungi wa gesi. Bibi alikuwa ameketi kando yake, ungo mapajani, akiimba taratibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umejiziba pua?"

Nilisimama pale na begi mgongoni. Huyu ndiye aliyekuwa akijua kwa pua tu, akiwa uani, kwamba nimepitia kwa muuza chipsi. Nikakumbuka mafua yaliyomlaza wiki nzima mwaka ulipoanza, na tukashukuru yalipoondoka bila kuuliza yameondoka na nini. Niliogopa kweli. Nikautoa mfuko, nikamwaga maji na sabuni, nikasema jikoni kuna mende.

Shuleni nilieleza vizuri kabisa jinsi sukari inavyobadilika joto likizidi. Mwalimu alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Mpishi wako ni mzoefu. Kwa nini anapitiliza?"

Nikasema sijui. Akanipa nusu ya alama, akasema jaribio langu limeishia njiani. Nilikasirika sana, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Lakini bibi yangu hakuwa jaribio la kusomwa mbele ya darasa.

Udi wa harusi ulipikwa Jumamosi. Kipimajoto nilikuwa nimekirudisha, kwa hiyo niliketi tu karibu na jiko, nikitafuta namna ya kusema "bibi, tosha" bila kumvunjia heshima. Shira ilianza kupiga mapovu. Bibi hakuinua macho.

"Mke mwenzangu," akasema polepole. "Inanukaje?"

Kumbe alijua. Alijua miezi yote ile, wakati mimi nahangaika na sukari na masufuria. Nilitaka kulia, lakini shira haingoji mtu.

"Tamu, bibi. Kama kashata."

"Endelea."

"Sasa kama maandazi yanapogeuzwa."

"Bado."

Nikavuta pumzi tena, nikiogopa kukosea. "Kuna uchungu kidogo, kwa mbali. Kama muuza kahawa akiwa bado yuko kona."

"Epua."

Nikaepua. Akatia sandali, akatia udi na mafuta, akakoroga, tukamwaga kwenye sinia. Haukuwa na hata chembe ya kuungua. Jirani alikuja kuuchukua, akaunusa, akasahau ustaarabu wake wote: "Bibi, huu ndio wenyewe! Ule mwingine ulikuwa wa nani?"

Lakini kabla jirani hajaja, sinia likiwa bado la moto, bibi aliliinamia, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama zamani. Kisha akaniuliza tena inanukaje, na safari hii hakuwa na haraka.