Klaksoni ya Papa Donat

Leo naweza kucheka, lakini siku ile ningekubali kuingia ndani ya shimo lolote la barabara za Kamina (na mnajua yapo yanayotosha mtu mzima) nijifunike udongo, maana mji wote ulinitazama nikiwa nimekaa ndani ya motokari ya baba wa mwanamke niliyempenda, kabla baba huyo hajajua, au tuseme kabla hajakubali kujua, kwamba nampenda.

Ngoja niwaeleze vizuri. Miaka hiyo nilikuwa mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha mapema, nikauza samaki kule Kabondo-Dianda, nikapakia magunia kwenye treni, nikashuka Kamina siku moja kwa sababu tu sikuwa nimewahi kuiona, na hapo nikamsikia Georgine akiimba kanisani, basi, safari zikaisha. Sasa kwetu mwanaume hamwambii baba wa msichana kwa mdomo wake mwenyewe. Wazee wake ndio wanakuja, wanakaa, wanaongea, na mpaka siku hiyo baba haoni kitu, hata kama anaona. Wazee wangu walikuwa mbali, Malemba-Nkulu, na sikuwa nimekanyaga kwao miaka sita. Kwa hiyo kila Jumamosi nilifika kwa Papa Donat, baba yake Georgine, kama rafiki wa motokari.

Ndiyo, wa motokari. Papa Donat alikuwa amestaafu kazi ya reli, na motokari yake ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, kifuniko cha injini kwa mpira wa baiskeli, na aliiosha mwenyewe huku akiisemesha Kiluba kama mtu anayembembeleza shangazi mgonjwa. Mimi nilishika ndoo. Akaanza kunizoea, mpaka Georgine akaninong'oneza karibu na kisima: "Papa anakupenda. Usiharibu."

Basi ikaharibika klaksoni, honi ya motokari. Ilikufa kabisa, Jumamosi, na Papa akaapa hatatoka nayo hivyo, na baiskeli na pikipiki zote zile njiani, wakati kesho yake Georgine alikuwa aimbe zaburi peke yake kwa mara ya kwanza. Fundi wa kweli alikuwepo barabara ya pili. Lakini mdomo wangu (huu huu) ukasema:

"Papa, minyi naweza tengeneza."

"Weye? Ulisomea?"

"Nilifungua baredio mingi, papa."

Hakuuliza ni ngapi nilizoweza kufunga tena.

Nikatoa kifuniko cha katikati ya usukani, nikakuta waya umekatika, nikauunga kwa kipande cha waya wa redio, nikakizungusha kwenye chuma cha usukani ili kisining'inie. Plastiki ya kufunika maungio sikuwa nayo, nikaona si kitu. Nikabonyeza: pii! Nikaachia: kimya. Papa akanipiga begani, "Fundi!", na mimi nikajiona tayari nakula bukari, ugali wetu, wa harusi. Kuzungusha usukani kidogo, nione waya unafanyaje? Hilo halikunijia.

Jumapili asubuhi nikaja na koti langu la pekee na viatu vilivyong'aa, nikijua nitatembea kwa miguu nyuma yao. Mama yake Georgine akakaa mbele kwa sababu springi ya kiti cha nyuma inachoma. Georgine akaingia nyuma na gauni refu jeupe la kwaya. Papa akaniita: "Fundi, ingia pale na weye. Ikikufa mu njia, utasukuma." Kukaa kando ya Georgine, mbele ya baba yake! Niliingia kwa heshima, nikabana magoti.

Kona ya kwanza, Papa akapinda kushoto. Piiiiii! Akanyoosha, ikanyamaza. Akapinda tena, piiiiii!

"Fundi, ni nini?"

"Ni waya, papa, inagusa chuma. Simamisha, nitoe."

"Nikisimamisha inazima! Na zaburi je? Usiguse kitu. Hata kimoja!"

Karibu na soko tukaingia shimoni, tukatoka, na klaksoni ikashika moja kwa moja, haijali tena kona wala nini. Na kwetu, motokari inayopita ikilia bila kukoma inajulikana imebeba nini. Watu wakachungulia: msichana wa gauni jeupe, kando yake kijana wa koti. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate akaacha mafuta motoni, akapiga vigelegele. Pikipiki mbili za taksi zikageuza, zikatufuata na klaksoni zao, kisha zikawa kundi. Polisi wa barabarani akasimamisha lori zima, akatupigia saluti, akampa Papa pongezi:

"Felisitasio, Papa Donat! Ulitufichaka!"

Georgine akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, jambo ambalo kila bibi arusi anafanya, kwa hiyo kelele zikaongezeka. Na mbele, Mama akaanza kupunga mkono.

"Mama Georgine! Unafanya nini?"

"Bantu banatusalimia. Nikae sawa jiwe?"

Niliona shingo ya Papa tu, na jasho likishuka kwenye kola, na nikafikiria: nimemwozesha mtoto wake barabarani bila mzee hata mmoja, atanifukuza leo, na atakuwa na haki.

Mbele ya kanisa padri alitoka na karatasi zake mkononi. "Papa Donat, kuko ndoa leo? Minyi sina habari."

"Hapana, padri. Ni klaksoni."

Basi nikashuka mbele ya watu wale wote, nikafungua mpira wa baiskeli, nikaingiza kichwa na koti langu ndani ya injini, nikavuta waya wa klaksoni kwa nguvu. Kimya. Na ndani ya kimya hicho bibi mmoja akauliza kwa sauti: "Kumbe bwana arusi njo fundi?" Walicheka mpaka mwenye pikipiki mmoja akakaa chini. (Georgine aliimba vizuri sana, watu wanasema. Mimi sikusikia.)

Baada ya misa Papa akaniita kando.

"Bazee ba kwenu biko wapi?"

"Malemba, papa."

"Mbele ya leo nilikuwa sioni kitu. Sasa mji yote imeona, na miye vilevile. Uende kesho. Usirudie hapa peke yako."

Nilirudi baada ya wiki tatu na baba yangu mdogo, ambaye hakujua hata nakula nini miaka yote ile. Papa Donat alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwuliza neno moja tu: mtoto wenu huyu, kazi yake ni nini? Na baba mdogo, aliyesikia njiani watu wakiniita Fundi, kwa mapenzi ya damu akajibu kifua mbele:

"Iko fundi wa motokari!"

Nilitazama chini. Nyuma ya mlango nikasikia Georgine anakohoa kicheko, na Mama naye, na mwishowe Papa mwenyewe akashika tumbo, akacheka mpaka machozi, na baba mdogo akacheka pia bila kujua kwa nini.

Tangu hapo nimeapa: motokari ya mkwe naigusa kwa maji na sabuni tu. Hata taa ya chumbani kwetu ikifa, naita mtu.