Usiyakalie

Daktari alinipa sharti moja, akalirudia mpaka nikachoka kulisikia: usiyakalie. Yale mafuta aliyoyatoa tumboni na mbavuni akayahamishia kwenye makalio yalikuwa bado hayajashika. Ukiyabana kwenye kiti yanakufa, na maumivu yote yale umeyapata bure. Lala kifudifudi, simama, tembea, na ukilazimika sana kukaa, weka mto chini ya mapaja ili makalio yaning'inie. Nikaitikia kila neno. Tatizo ni kwamba mie kazi yangu ni kukaa.

Naingiza madai ya bima kwenye kompyuta, kwenye ofisi moja ya ghorofani hapo Kinondoni. Asubuhi unakaa, mchana unakula hapohapo umekaa, jioni unanyanyuka sketi imegandana na kiti. Kile kiti nimekikalia miaka na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nakaaje.

Wakati naomba likizo nilisema naenda kufanyiwa operesheni. Sikusema ya nini kwa sababu haiwahusu. Wenyewe wakajijazia: uvimbe kwenye kizazi. Basi pole zilivyomiminika! Pole shoga, pole dada, Mungu akutangulie. Mlinzi wa getini alinipa pole. Bosi wetu, ambaye salamu tu humtoka kwa shida, aliacha meza yake akaja kunishika mkono. Huku kwetu pole haina ubahili. Ukijikwaa barabarani utapewa na mtu usiyemjua, tena yuko ng'ambo ya pili. Ukimwagikiwa chai, pole. Ukitoka zako kazini salama salimini, pole na kazi. Sikujua kama ni kitu ambacho mtu anaweza kunyimwa.

Nikarudi kazini nimevaa gauni pana, na ndani yake ile nguo ya kubana niliyopewa hospitali, inayoanzia chini ya matiti mpaka magotini, kwenye joto hili la Dar, nawashwa kila mahali na sina pa kujikuna. Mkononi nimekumbatia mto wangu. Walinitazama usoni, kisha macho yakashuka, yakabaki hukohuko chini. Yule binti wa mapokezi ndiye aliyefungua kinywa.

“He! Shoga, kumbe uvimbe umehamia nyuma?”

Ofisi nzima ikacheka. Na pole zikaishia hapo, kama bomba lililofungwa. Mishono yangu ilikuwa bado inavuta, nilikuwa natembea kwa kushika ukuta, na hakuna hata mmoja aliyesema pole. Walikuwa na maswali tu. Nani kalipia? Mumeo anasemaje? Ni yako kweli au ya Mchina? Na ungefia kule, watoto ungemwachia nani? Hilo la watoto liliulizwa na mtu anayekula chipsi zangu kila Ijumaa.

Sasa ngoja niseme. Watu haohao wamenisema makalio tangu siku ya kwanza niliyoingia mle ndani. Nilikuwaga ubao wao, bapa mbele na nyuma. Kwenye kitchen party ya mwenzetu mmoja, huyuhuyu binti wa mapokezi alinishika mkono katikati ya muziki akanitoa pembeni, eti “wasio na mzigo wapishe wenye mzigo wacheze.” Nikapisha, nikasimama karibu na masufuria ya pilau nikiwapigia makofi. Na yule braza wa madai ya magari alikuwa na wimbo wake kila nikipita: “Dada, wewe ukigeuka hatujui kama umegeuka.” Wanacheka, nacheka nao. Ningefanyaje, ningelia?

Haya, nimegeuka sasa na wamejua kama nimegeuka. Braza huyohuyo akaja mezani kwangu, kashika kikombe cha kahawa, sauti ya mchungaji: “Lakini sista, ungeridhika tu na alivyokuumba Mungu.” Khaa! Mungu huyo alikuwa wapi ulipokuwa unanicheka? Nilisonya msonyo mrefu mpaka bosi akachungulia.

Wanataka sababu, na sababu wanayoitaka ni mwanaume. Mwanaume ninaye na hakunituma. Alinisindikiza tu, akanibebea mkoba. Nilitaka. Nilitaka nikivaa gauni likae, nikipita kwenye kioo cha duka nisigeuze uso. Ni mwili wangu na akiba yangu. Sikumuomba mtu ruhusa na sitaanza leo.

Kwenye kazi yenyewe nilijipanga. Nilipandanisha maboksi ya karatasi juu ya meza, nikaweka kompyuta juu yake, nikawa naandika nimesimama. Miguu ikichoka napiga magoti kwenye kiti. Ikishindikana kabisa nakaa kidogo na mto wangu chini ya mapaja, nimeinama mbele kama anayetafuta sindano. Madai yangu yalikwisha kila siku, halikulala hata moja. Bosi akaniita.

“Dada, hapa ofisini watu hukaa.”

“Bosi, nimetoka operesheni.”

“Operesheni gani, tunaijua.” Akatazama mlango. “Wateja wanapita, wanakuona umepiga magoti juu ya kiti. Inaleta picha gani? Kama huwezi kukaa, nenda kakae nyumbani mpaka uweze.”

Moto ukaniwaka. Maana nilimkumbuka braza wa madai ya magari, alivyovunjika mguu kwenye bonanza la kampuni. Nani alimtuma kukimbilia mpira na kitambi kile? Alijitakia mwenyewe, kwa raha zake. Lakini yeye aliletewa stuli aweke mguu, bosi mwenyewe akaibeba kutoka stoo, na watu wakapanga foleni kuandika majina kwenye plasta. Pole braza, pole sana, pole kamanda. Mguu wa bonanza una pole na makalio yangu hayana. Nilimwambia bosi hivyo hivyo, neno kwa neno. Akasema nisimpandishie sauti. Nikarudi kusimama penye maboksi yangu na hakuniondoa, ila tangu siku hiyo hakunisalimia tena.

Mtu mmoja tu hakuniuliza kitu. Ni dada wa meza ya jirani, mkubwa kwangu kwa umri, mtoto wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa tangu babu yao, mtu wa maneno machache na udi kwenye nguo. Siku ya pili tangu nirudi alisukuma kabati la mafaili taratibu mpaka likanikinga na macho ya mlangoni. Karatasi zangu zikitoka kwenye printa analeta yeye. Hakusema neno, na mie ule ukimya ukawa unanitafuna. Nilijua ana mama yake mgonjwa kule Madale anayemuuguza usiku na mchana, kachoka. Lakini nilijiambia, na huyu naye ananihukumu, basi tu ni mstaarabu. Iliniuma kuliko maneno ya wengine wote, kwa sababu wengine siwapendi.

Kisha mama yake akafariki.

Ofisi ikatoa gari, tukaenda Madale. Wanaume wakabaki nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Sie wanawake tukavua viatu mlangoni, tukajitanda kanga, tukaingia sebuleni ambako samani zote zilikuwa zimetolewa na mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta. Mama wa watu alikuwa bado hajatoka, yuko chumba cha ndani anaoshwa. Yule dada yangu wa meza ya jirani alikuwa kwenye godoro kwenye kona, amelala, kajifunika kanga mpaka usoni.

Wenzangu wakaketi na kunyoosha miguu. Mie nikapiga magoti.

Kupiga magoti kwenye vigae, hata kama kuna mkeka, unaweza kwa muda tu. Magoti yakaanza kuwaka, na ile nguo ya kubana ikawa inanikata nyuma ya mapaja. Nikahamia goti moja, nikahamia lingine. Mto nilikuwa nimeuacha kwenye gari, kwa sababu nani anaingia kwenye msiba na mto? Mama mmoja mtu mzima, nadhani mdogo wake marehemu, akaniona ninavyohangaika.

“Kaa mwanangu, utachoka.”

“Shikamoo mama. Niko sawa.”

“Marahaba. Kaa bwana, huku ni kwenu.”

Na hapo nikamsikia binti wa mapokezi nyuma yangu, wala hakujisumbua kunong'ona: “Hawezi. Mali mpya hiyo, haiwekwi chini.” Wenzangu wa ofisini wakaingiza vinywa kwenye kanga, mabega yanatetemeka. Wanacheka, msibani, maiti iko chumba cha pili! Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu.  Nikawaza: nikae. Nijibwage tu hapa kwenye sakafu kwa uzito wangu wote, yafe, yaishe, nirudi ubao wao, wapate wanachokitaka. Nilishaweka mkono chini. Nilishaanza kushuka. Nikausikia ule mshono wa kiunoni unavuta na nikakumbuka zile wiki za kulala kifudifudi, uso kwenye mto, nikilia peke yangu watoto wasisikie.

“Kwani unaumwa nini, mwanangu?” mama yule akauliza.

Nikanyanyuka tena kwenye magoti. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

“Nimefanyiwa operesheni ya makalio, mama. Niliyaongeza. Daktari kanikataza kuyakalia.”

 Aliyekuwa anavuta tasbihi akasimamisha vidole.

“Makalio?” mama akauliza.

“Makalio, mama.”

Hakuna aliyecheka. Mie nilikuwa natazama mkeka, uso unanichoma, najiambia sasa nitatolewa nje kwa aibu na nitakwenda zangu. Ndipo ile kanga kwenye kona ikasogea. Dada yangu alikuwa amejifunua uso. Macho yamevimba, nywele zimetimka, sikuwahi kumuona vile. Akajivuta ukutani na kupiga godoro kwa kiganja.

“Njoo ulale hapa.”

Godoro lile ni la mfiwa. Halilalii mtu mwingine, labda binti au dada wa tumbo moja. Mama mtu mzima akafungua kinywa kama anayetaka kukataza, kisha akasogeza miguu nipite. Nikatambaa kwa magoti katikati ya watu, nikalala kifudifudi pembeni yake, shavu kwenye shuka. Akatufunika wote wawili na kanga yake. Mle ndani kulikuwa na joto na harufu ya ubani.

Njia nzima nilikuwa nimeiandaa pole yangu, maneno mazuri, ya mtu kufiwa na mama. Nikafungua kinywa nimpe. Akaniwahi.

“Yaliuma sana?” akanong'ona.

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Yaliuma, dada. Yaliuma sana.”

Akanishika kichwa. “Pole, mdogo wangu. Nilitaka kukupa siku ile uliporudi, nikaona umejaa hasira, nikaogopa. Pole sana.”

Mama yake hajatoka hata ndani, na yeye ndiye ananipa pole mie. Nikaangua kilio, kilio cha sauti, sikuweza kujizuia, naye akalia, tukashikana mle ndani ya kanga. Wale wa ofisini wakadhani namlilia marehemu. Nikasikia wanasogea, mikono inanipapasa mgongoni, pole dada, pole, jikaze, pole sana, na sauti ya binti wa mapokezi iko mbele ya zote.

Sikuitikia hata moja.