Kinyozi wa Sikio Moja

Punda alipomng'oa kinyozi wetu sikio la kulia, ilikuwa mchana kweupe, nusu ya soko ikitazama. Lakini binadamu ni binadamu! Haikupita wiki, mtaa mzima ukaapa kuwa alijikata mwenyewe kwa wembe. Kama lake limemshinda, walisema, la mwenzake ataliweza? Wateja wote wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Hilo alilimeza. Kilichomchoma moyo ni kumwona baba yake mzazi kwenye benchi la huko, anasubiri zamu.

"Baba, hata wewe?"

"Nakupenda, mwanangu. Ila na masikio yangu nayapenda, tena hayo nimezaliwa nayo."

Basi akaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mcheshi, akamweleza: atamtoa gegedu, ule mfupa laini wa ubavuni, alichonge umbo la sikio, alipachike chini ya ngozi. Likishapona, kinyozi atarudi linyanyuliwe lisimame. Mzee, aliyemsindikiza mwanawe, akadakia, "Sasa huyu akitekenywa sikio, si atacheka?"

Sikio halikumsumbua sana. Ubavu, jamani! Ulimtoa machozi kila alipocheka, na mzee hakukoma kumchekesha. Bendeji ya mwisho ilipofunguliwa, kinyozi akajitazama kiooni kwa mbele, kwa upande, kwa mbele tena. Sikio hilo, na mikunjo yake yote!

Akafungua kibanda. Watu wakaja wengi kweli, wakalibonyeza, wakalivuta, wakampa hongera, kisha wakavuka barabara kwenda kunyolewa. Kinyozi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kanywea.

Ndipo mzee akaingia, kichwa kichaka kitupu.

"Kwani jirani hakunyoi siku hizi?"

"Aliniuliza kama sikio lako ni la plastiki. Nimemsusa. Hebu ondoka hapo nikae."

Benchi zima la ng'ambo likageuza shingo. Kinyozi akamfunga baba yake kitambaa, akawasha mashine. Mzee akafumba macho, akachomoa mikono chini ya kitambaa, akayafunika masikio yake yote mawili kwa viganja.

"Haya, nyoa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Siogopi kitu!"

Kinyozi akanyoa taratibu, akivizunguka vidole vya baba yake kimoja kimoja, huku machozi yakimdondokea mzee utosini.