Zenebech arudi kwenye gari aliloliharibu

Mwezi wa Tir, mwaka 2016 kwa hesabu ya Ethiopia, katikati ya kiangazi na msimu wa harusi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, Zenebech Wolde analisukuma lango la chuma kwa mgongo, kwa kuwa mikono yake yote miwili imebeba ndoo. Nyumba ni ya Gashe Mekuria Habte, mtaa wa Gulele, mjini Addis Ababa. Ni miaka mitatu kasoro miezi mitatu tangu alipotolewa katika lango hilohilo.

Anazitua ndoo kivulini mwa ukuta. Kabla hajagusa tone la maji, anauweka mkono wake juu ya boneti ya gari, kama mama anayempima mtoto homa.

“Bati likiwa na joto, sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na madoa yake hayatoki upesi,” anaeleza. “Kwa hiyo ninaanza mapema, na ninaanzia kivulini.”

Gari lenyewe ni Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa mviringo, yenye rangi ya kijani ya jani la zeituni. Gashe Mekuria, dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu mwenye umri wa miaka 74, alilinunua akiwa kijana asiye na mke. Sasa ameketi kwenye kigoda mlangoni, gabi nzito ya pamba mabegani mwake. Salamu ya Zenebech ameijibu kwa neno moja.

Kesho saa tatu asubuhi, gari hilo litamchukua mjukuu wake, Fikirte, kumpeleka kanisani kufungishwa ndoa. Ni Fikirte aliyemwona Zenebech akifanya kazi kwa jirani, akamwomba babu yake amruhusu aje. Mzee alikubali kwa sharti moja: atakaa palepale tangu tone la kwanza hadi la mwisho.

Kwa Zenebech, hii si kazi kama kazi nyingine. Amepewa siku moja ya kurudisha alichokiondoa.

Alikiondoa kwa endod.

Endod ni tunda dogo la porini. Wanawake wa Ethiopia hulikausha, hulitwanga na kulikoroga majini, na povu lake huzifua shamma, zile nguo nyeupe za kujitanda, mpaka mtu akaona vibaya kuzivaa siku isiyo ya sikukuu. Mama yake Zenebech, kule Debre Birhan, aliwalea watoto wanne kwa kuwafulia watu nguo kwa endod. Binti alipohamia Addis Ababa na kuanza kuosha magari nyumba kwa nyumba, hakuona sababu ya kununua sabuni ya dukani.

“Nilijiambia kwamba kitu kinachoing'arisha nguo ya kanisani hakiwezi kulidhuru bati,” anasema. “Nilikitwanga mwenyewe, sikukichuja, nikakisugulia kwa kipande cha gunia. Nilisugua kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo lililozidisha balaa.”

Ilikuwa mwezi wa Miyazya, mwaka 2013, siku tatu kabla ya Fasika, yaani Pasaka. Kivulini gari lilionekana safi. Jua lilipolipiga, ikaonekana mikwaruzo midogo isiyo na idadi, iliyojiviringa kila upande kama utando wa buibui, kutoka boneti mpaka nyuma. Vijipande vya maganda na mbegu vilikuwa vimeichana rangi.

Zenebech alitaka kutoa ujira wake wa wiki nzima kuwa fidia. Mzee aliukataa.

“Pesa yako baki nayo,” alimwambia. “Mng'ao wa gari langu ndio ninaokudai.” Kisha akalifunga lango.

Tangu siku hiyo Zenebech, mwenye umri wa miaka 39 na binti mmoja aliye sekondari, alilikwepa lango hilo kwa kupita barabara ya juu, ingawa iliongeza mwendo wa robo saa. Lakini hakuiacha kazi. Aliomba kibarua cha kufagia katika karakana moja ya kupaka magari rangi, akakaa miezi saba akifagia taratibu na kusikiliza sana. Hapo alijifunza kwamba gari haliharibiwi na uchafu uliolilalia. Huharibiwa na mtu anayeuburuta uchafu huo juu yake.

Vifaa vyake vyote vinatokana na fundisho hilo.

Ndoo ni mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Ndani ya kila ndoo, kwenye kitako, amelaza kichujio cha plastiki cha jikoni, kilichokatwa mpini, ili mchanga ukizama usipande tena. Ya tatu, ndogo na kuukuu, ni ya magurudumu peke yake, pamoja na brashi yake. Vifaa vya magurudumu havigusi mwili wa gari hata siku moja.

Sifongo hana. Ana glavu aliyoishona mwenyewe kwa ngozi ya kondoo wa nyumbani kwao, manyoya yakiwa nje. “Sifongo ina uso bapa, huukandamiza mchanga kwenye rangi,” anasema. “Manyoya marefu huumeza, nami nikautapisha kwenye ndoo ya pili.”

Sabuni ya unga na ya vyombo amezipiga marufuku. Zimetengenezwa ili ziondoe mafuta kwenye sufuria, anasema, na haziwezi kujua kwamba nta iliyo juu ya gari si mafuta ya kitoweo. Hununua shampuu ya magari, galoni moja kwa birr 1,400, nayo humtosha wiki sita. Huosha magari matatu kwa siku, kila moja kwa birr 300, na msimu wa harusi hufikia matano. Karibu theluthi ya pato hilo hurudi kwenye vifaa.

Vitambaa vya kukaushia huvifuata soko la Merkato, akiwa na sidii kuukuu mkobani. Kila kitambaa anachooneshwa hukisugua kwanza kwenye uso wa sidii unaong'aa, akaugeuza kwenye mwanga. Kikiacha mkwaruzo, hakinunui, hata kikisifiwa kwa viapo. Wauzaji wamemzoea. Mmoja humtangaza kwa wenzake kila anapotokea: “Mpisheni mama wa sidii. Leo anataka kitambaa kinachoimba.”

“Chako kingeimba, ningekinunua,” humjibu. “Hiki chako kinakwaruza tu, kama wewe unavyokwaruza masikio ya watu.”

Saa mbili asubuhi, Volkswagen imekwisha kuoshwa kutoka paa hadi chini, imesuuzwa na kukaushwa. Zimetumika lita arobaini tu. Maji ya bomba kwake hufika siku mbili kwa wiki. Hawezi kuyamwaga kama mtu anayeishi mtoni.

Kuosha, hata hivyo, hakuondoi utando wa buibui. Zenebech anatoa kopo dogo la dawa ya kung'arishia, anatia kiasi cha punje ya njegere kwenye kitambaa, anaanza kusugua kwa mkono, eneo lisilozidi ukubwa wa sahani. Baada ya dakika chache kitambaa kimegeuka kijani kibichi.

Weyzero Aselefech, binti wa mzee na mama wa bibi harusi, anatoka jikoni na sinia la vitunguu. Anakiona kitambaa. Sinia linatua chini kwa kishindo.

“Acha hapo hapo,” anasema. “Baba, tazama. Safari ya kwanza alikwaruza rangi, leo anaibeba yote kwenda nayo kwao.”

Zenebech anaushusha mkono. Anajua kwamba akibisha, atatolewa langoni mara ya pili, na mara hii hapatakuwa na Fikirte wa kumwombea. Gashe Mekuria anainuka kwenye kigoda, anajikokota hadi kwenye gari.

“Ni rangi ya gari langu hiyo?” anauliza.

“Ni yake, Gashe,” anajibu, kwa jina la heshima ambalo mtaa mzima humwitia mzee. “Gari la siku hizi lina tabaka angavu kama kioo juu ya rangi. Hili lako halina. Hii ya juu imekufa kwa jua, na mikwaruzo yangu imekaa humo. Iliyo hai iko chini yake.”

“Nani aliyekuambia?”

“Niliambiwa karakanani. Lakini usiniamini mimi. Viamini vidole vyako.”

Anachukua mfuko mwembamba wa plastiki, anauvisha mkono wa mzee kama glavu, na kumwomba aupitishe kwanza mahali ambapo hajagusa, kisha pale alipokwisha kusugua. Plastiki huvifanya vidole visikie hata chembe. Mzee anapitisha mkono. Anarudia. Upande mmoja kuna mnong'ono wa kukwaruza; upande mwingine mkono unateleza kimya.

Weyzero Aselefech anasubiri akiwa ameshika kiuno.

“Lete na wako uguse,” baba yake anamwambia.

“Mimi nina mikono ya vitunguu.”

“Basi kavimenye.” Anageuka. “Wewe endelea, mwanangu. Lakini polepole. Tumezeeka wote wawili, mimi na hili gari.”

Ndilo neno “mwanangu” lililomfanya Zenebech ainame haraka na kujishughulisha na kopo.

Anasugua sahani baada ya sahani hadi saa tisa alasiri, akibadilisha upande wa kitambaa kila kinapojaa. Kahawa inapikwa na kunywewa mizunguko yote mitatu ya desturi, naye analetewa kikombe chake palepale alipochutama. Mwishoni anapaka nta, tabaka jembamba, na kuiacha ikauke.

Wakati nta inakauka, anazungumzia mipango yake. Ameshalipia chumba kidogo cha mbele kwenye nyumba anayopanga. Humo, baada ya msimu wa harusi, atauza furushi moja kwa watu wanaopenda kuosha magari yao nyumbani: ndoo mbili zenye vichujio, glavu ya kondoo, vitambaa vitatu vilivyokwisha kupimwa, na chupa ya shampuu. Anayenunua atafundishwa nusu saa bila malipo.

Anapoulizwa kama hatajinyang'anya wateja, anacheka. “Atakayeosha mwenyewe Jumamosi mbili, ya tatu ataniita. Mgongo utakuwa umemfundisha bei yangu ni halali. Ila mpaka hapo, gari lake litakuwa zima.”

Jumamosi saa mbili asubuhi, yuko langoni tena. Hakuitwa, amekuja kuwazuia wapambe wa bwana harusi, waliofika na riboni nyeupe na utepe wa gundi kali, ule wa kufungia mizigo. Anawapokonya gundi. Wanamwita mkwe mkali wa gari, wanamuuliza mahari yake ni kiasi gani. Anawafungia riboni mwenyewe kwenye vitasa na kwenye bampa, bila kuligusa bati kwa gundi.

Ndipo Gashe Mekuria anapotoka, amevaa suti nyeusi, na kumwamuru alitoe gari kivulini.

Zenebech anaingia, analiwasha, analisogeza hadi katikati ya ua, mahali ambapo jua la asubuhi linapiga bila kizuizi. Anazima injini na kushuka.

Mzee anainama juu ya boneti hadi pua yake inakaribia kuigusa. Kisha analizunguka gari zima, kuanzia nyuma, akiinamisha kichwa huku na huku kutafuta utando. Kijani kimekolea kama jani lililonyeshewa. Juu ya paa anakuta kijistari kimoja, anakikuna kwa ukucha. Ni uzi wa riboni, unaanguka. Anamaliza mzunguko pale alipoanzia.

Anatia mkono mfukoni, anatoa noti zilizokunjwa.

Zenebech anatikisa kichwa. “Hii siyo ya kulipwa, Gashe. Ulinidai mng'ao. Huo hapo.”

Mzee hamsihi, wala hamlazimishi. Anazirudisha noti mfukoni, na Zenebech anapomnyooshea ufunguo, anaupokea kwa mikono miwili.