Jiko Chumbani

Juzi, hapa Igowole, nilimwona jirani akiingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, nikakosa utulivu. Nilikumbuka alasiri ya ukungu ambapo shangazi, mgeni aliyetoka kwenye joto la Chunya, alijifungia vivyo hivyo pamoja na mdogo wangu mchanga. Mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi. Nilipochungulia, nilidhani mtoto amelegea kwa raha. Sikujua kwamba sumu ya mkaa haionekani.

Mama aliingia mbio, akamnyakua mtoto, akamtoa nje kwenye manyunyu.

“Wifi, utaniulia mtoto!”

“Baridi yenu itaniua mimi kwanza!” shangazi alilalamika.

Nilimwona mama katili, hadi mtoto alipolia; ndipo mama akaketi matopeni.

Juzi sikungoja. Nilibisha hodi.

“Karibu, mwalimu! Ingia upate joto.”

“Fungua dirisha kwanza.”