Neno Lililovunja Foleni

Niliondoka Minneapolis kwa sababu Nyambura hakubali kukataliwa. Yeye ni Mkenya wa Crystal, kitongoji cha huko, na kazi yake ni kupanga mizigo ya madaktari wanaokwenda kupima watu kwenye visiwa vya mbali vya Pasifiki. Mimi ni Mtanzania wa Columbia Heights, kitongoji jirani, napima damu katika zahanati moja huko Woodbury. Mpimaji wao aliugua safari ikiwa mlangoni. "We kuja tu," aliniambia kwenye simu. "Uta-handle damu, hizo zingine niachie. Passport iko valid?" Ilikuwa valid, kwa bahati mbaya.

Kwenye uwanja wa ndege, Nyambura alilifungua sanduku langu palepale sakafuni, mbele ya watu. "Uki-pack hivi, hizi tubes zita-break kabla tufike Honolulu." Akazifunga chupa zangu za kuwekea damu kwa soksi zangu mwenyewe. Nilinuna mpaka Honolulu. Chupa zote zilifika nzima, jambo lililoniudhi zaidi.

Baada ya ndege ikafuata meli, na huko nilikumbatia ndoo tu nikitapika. Kisiwa chetu cha mwisho hakina gati. Meli hukaa nje ya mwamba wa matumbawe, watu na mizigo hushuka kwa boti ndogo, nayo hupita mwambani maji yakiwa yamejaa tu. Meli ikishaondoka, hairudi upesi.

Asubuhi tulipokewa na Alfred, mwuguzi pekee wa kisiwa, aliyekuwa pia mkalimani wetu. Wanawake walituvika maua kichwani, wakatupa madafu, kisha wakapanga foleni kwenye baraza ya kanisa. Wa kwanza alikuwa mama aitwaye Neijon na binti yake Hilda, mtoto mwenye maneno mengi na uvimbe shingoni. Daktari wetu alikuwa ameshaugusa, na uso wake haukunipendeza. Bila kipimo cha damu na ridhaa ya mama, Hilda asingepanda meli kwenda hospitali ya kisiwa kikuu.

Nilipomdunga Hilda, akashtuka. Mdomo wangu ukatangulia: "Sorry, mama. Sorry sana, sorry." Kwetu hata mtu akijikwaa ng'ambo ya barabara tunampa pole. Neijon akasimama, akamvuta mwanawe, sindano ikachomoka. Akasema jambo moja kwa sauti ya chini, na foleni nzima ikainuka ikaondoka.

"Amesema nini?" nilimwuliza Alfred.

"Anauliza umemfanya nini mtoto."

Alfred akanieleza. Zamani, kabla Neijon hajazaliwa, kulikuja meli nyingine yenye madaktari. Waliwatoa watu damu mara kwa mara bila kuwaambia wanatafuta nini, na mama yake Neijon alikuwa mmoja wao. Miaka mingi baadaye wageni wakarudi kusema sorry, na hapo ndipo watu walipojua kwamba walikuwa wameumizwa. Pale kisiwani, anayesema sorry amekiri kosa.

Nilitamani ardhi inimeze. Nyambura alikuwa ufukweni akitazama maji yakipungua. "Tide inatoka," akasema. "Enda uongee na huyo mama. Boti nita-hold."

Nyumbani kwake, Neijon alikuwa amempakata Hilda, ingawa mtoto alishapita umri wa kupakatwa. Kupitia kwa Alfred nilimwambia kwamba lugha yangu ina neno pole, Kiingereza hakina, basi sisi tunaazima sorry. Pole anapewa anayeumia, hata kama hukumgusa.

"Na ukiwa umemkosea?"

"Hapo tunasema samahani. Ni neno lingine."

"Mama yangu aliambiwa kila kitu ni sawa," akasema Neijon. "Pole yako kaa nayo. Mimi nitakaa na damu ya mwanangu mpaka nijue mnachojua ninyi."

Tukamtoa Hilda damu upya. Kwa kanuni zetu, asiye wa timu haruhusiwi kushika sanduku la damu, na boti haikuwa na nafasi ya watu wawili zaidi. Nilidhani Nyambura atagoma. Akateremsha mizani yetu kubwa na mifuko yake mwenyewe, akaiacha mchangani. "Aketi hapa," akasema. "Na hilo box mpe alishike." Tulivuka mwamba huku matumbawe yakikwaruza chini ya boti, Neijon akiwa na sanduku mapajani, Hilda akituuliza maswali bila kupumua.

Katika hospitali ya kisiwa kikuu, Neijon aliambiwa majibu wakati uleule tulioambiwa sisi. Uvimbe ulikuwa mbaya ila umewahiwa, ungekatwa. Tatizo ni kwamba ulikuwa karibu na koromeo, na Hilda angeweza kupoteza sauti. Neijon alilia. Niliuma mdomo ili lile neno lisinitoke, nikakaa naye kwenye benchi mpaka ndege yangu ilipokaribia.

Sasa nipo Columbia Heights, na kanisani watu wananiuliza habari za fukwe. Nilichojifunza si cha fukwe. Nilidhani huruma yangu inaeleweka kokote ninakokwenda, bila kujiuliza nani alilitumia neno hilo kabla yangu. Bado inaniuma.

Juzi Neijon alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikaa garini nje ya zahanati nikiogopa kuufungua. Alikuwa Hilda mwenyewe, sauti imekwaruzika lakini ni yake, akiuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni: "Yule mama wa damu bado anasema sorry kwa makosa yasiyo yake?"

Nililia kwanza. Kisha nikamjibu: "Bado, mwanangu. Pole na koo."