Marekebisho Matatu, Basi

Muhuri wenyewe ulikuwa kitu kidogo tu: mpini wa mbao, mpira uliochongwa maneno, na fundi aliutengeneza papo hapo, aliyeuagiza akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri. Uliandikwa MAREKEBISHO YA … KATI YA MATATU. Pale penye nukta unajaza namba kwa kalamu, na mteja anatia saini chini yake. Kwa sababu ya kitu hicho mtaa mzima ulimbatiza huyo mwenye kuutumia jina la Bi Muhuri, na yeye wala hakukasirika. Wengine tunabandikwa majina mabaya zaidi ya hilo.

Kazi yake ilikuwa kubuni nembo, vibandiko vya chupa, mabango na maboksi ya bidhaa. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele nyumbani kwa mama yake, ambacho zamani kilikuwa sebule. Makochi mawili yalihamishiwa uani, likabaki moja la wateja, pamoja na meza, kompyuta, na kalenda moja kubwa ukutani. Kwenye kalenda hiyo, mwishoni kabisa, tarehe moja ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Aliyelichora ni Mama, mwalimu mstaafu, mtu wa kalamu nyekundu tangu ujana wake.

"Nakupa mwaka mmoja," Mama alimwambia siku alipoacha kazi. "Tarehe hii ikifika hujasimama, unarudi kwa Bosi, na hatubishani tena."

Bosi alikuwa mwenye kiwanda cha uchapaji, ambako Bi Muhuri alifanya kazi miaka tisa. Mama alimpenda sana Bosi, maana kila mwisho wa mwaka alimtumia salamu na kalenda ya bure. Hii hii ya ukutani ni yake. Bi Muhuri aliitazama kila asubuhi akasonya, kisha akawasha kompyuta.

Wateja wa kwanza waliuona ule muhuri kichekesho. Seremala aliyekuja kutengenezewa bango aliuliza kama hapo ndipo wanapogonga viza. Lakini wakasaini, na ajabu ni kwamba wakaanza kufikiri kabla ya kufungua mdomo. Mtu akijua ana nafasi tatu tu, ya kwanza hawezi kuichezea.

Miezi miwili kabla ya lile duara ikaja kazi ya sabuni. Hiyo haikuwa kazi ya mchezo: boksi la sabuni mpya ya unga, na boksi likikubalika, mabango na magari ya kusambazia yote yangechorwa na yeye, mwaka mzima. Hiyo ingetosha kulifuta duara na wino wake. Aliyeileta ni meneja wa masoko wa kampuni hiyo, mtu wa manukato na maneno mengi.

"Karatasi zote hizi, kwani nachumbia?" alicheka alipopewa makubaliano. Akasaini bila kusoma hata mstari.

Mara ya kwanza Meneja alitaka mapovu kwenye boksi yawe makubwa. Muhuri ukagongwa, akasaini. Mara ya pili alitaka mapovu yaondoke, liwekwe ua. Muhuri, saini. Mara ya tatu alitaka ua litoke na mapovu yarudi, "lakini safari hii yawe mapovu yenye furaha." Povu lenye furaha linafananaje, jamani? Bi Muhuri alilitafuta siku tatu, na akalipata. Meneja akasaini, ila sasa hakucheka.

Jumatano asubuhi akapiga simu.

"Mke wangu ameliona lile boksi. Anasema bluu yake inampa baridi. Hebu ipashe moto kidogo. Dakika tano tu."

"Nitaipasha, Meneja. Ila hayo ni marekebisho ya nne. Ukurasa wa pili unasema ya nne yanalipiwa kivyake, na unasaini upya."

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Sikiliza, dada. Wanaobuni maboksi ni wengi. Kesho saa nne napita hapo. Nikute bluu imebadilika, la sivyo kazi naipeleka kwingine."

Mama alikuwa mlangoni, na sikio lake halijawahi kustaafu.

"Mwanangu," alisema, "kwani bluu na bluu ni ugomvi? Jikaze kisabuni, umbadilishie mtu rangi yake. Unataka kuipoteza kazi ya mwaka kwa ajili ya dakika tano?"

"Mama, tuyaache."

"Hatuyaachi! Kiburi hicho umekitoa wapi? Kwa Bosi ulikuwa hubishi, na ndiyo maana ulidumu."

Hapo likamtoka, jambo alilolifungia kifuani miaka mitatu.

"Unaikumbuka siku aliyofariki Baba? Nilikupigia nikasema gari limeharibika njiani."

Mama akamtazama.

"Gari halikuharibika. Uliponiambia Baba ananiulizia ilikuwa saa sita. Nilishachukua mkoba. Bosi akasema mwenye duka la dawa anataka kijani cha bango lake kikolee kidogo, dakika tano tu. Nikakaa, nikakikoleza. Mteja akataka kipoe, nikakipoza. Akataka cha katikati. Nikaona aibu kukwambia niko kazini, nikasingizia gari. Saa tisa na nusu, Mama, bado nilikuwa nabadilisha kijani."

Mzee alifariki saa tisa.

 Mama alivua miwani, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Hata chakula cha jioni hakutoka kula. Bi Muhuri alikaa mezani peke yake na sahani mbili, akijua kwamba sasa amepoteza kazi na mama kwa mpigo mmoja.

Asubuhi alijaribiwa. Tusimfanye malaika. Alifungua mchoro, akaweka mshale juu ya ile bluu, kidole kikiwa tayari. Kusogeza kidogo tu, na Meneja angefurahi, na duara lingefutika. Nani angejua? Angejua yeye. "Ng'o!" alisema kwa sauti, akaizima kompyuta kabisa.

Saa nne Meneja akaingia, manukato mbele, yeye nyuma, anazungusha funguo za gari kidoleni. Kabla hajakaa, mlango wa ndani ukafunguliwa. Mama alikuwa amevaa lile gauni lake la kijivu, alilokuwa akivaa siku za ukaguzi shuleni. Akaketi kwenye kochi la wateja, katikati, na Meneja akabaki wima.

"Shikamoo, Mama," alisema Meneja, akidhani amepata mtetezi. "Hebu nisaidie kuongea na binti yako. Ni mgumu huyu!"

"Marahaba. Umesaini mara ngapi, baba?"

"Ah, Mama, hizo ni karatasi tu za…"

"Nimekuuliza mara ngapi."

Watu wazima wamewahi kuulizwa kwa sauti ile wakakumbuka kaptura zao. Meneja aliacha kuzungusha funguo.

"Tatu."

"Na mlikubaliana ngapi?"

"Tatu. Lakini Mama, ni dakika tano tu!"

Mama akasimama.

"Dakika tano hizo nazijua," alisema. "Usizitaje tena ndani ya nyumba hii."

Meneja hakuelewa, na angeelewaje? Akamgeukia Bi Muhuri. Bi Muhuri alikuwa ameshaweka mezani karatasi mbili.

"Ukisaini hii, boksi ni lako leo hii kama lilivyo. Ukisaini hii, napasha bluu, na unalipia. Njia nyingine sina."

"Utanitafuta!" Meneja alifoka. "Utanipigia magoti!"

"Namba yangu unayo. Atakayenitafuta ni wewe."

Akatoka bila kusaini yoyote. Geti likagongwa, gari likaunguruma, kisha mtaa ukatulia na manukato yakabaki chumbani. Bi Muhuri alizikusanya zile karatasi mbili. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imetoka mlangoni kwa miguu yake, naye hakuinyooshea mkono. Aliogopa, na hakujuta. Yote mawili kwa pamoja.

"Imekwenda, Mama."

Mama alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo.

"Alichagua kipi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kijani. Yule wa duka la dawa. Mwisho alichagua kipi?"



"Cha kwanza, Mama."

"Cha kwanza," Mama alirudia. Akaangua kicheko kikavu, mara kikageuka kilio, akalia waziwazi bila kuficha uso. "Baba yako nilimwambia gari limekuharibikia. Akasema, mwambie asikimbie, nitamsubiri."

Wakalia wote wawili, kila mmoja mahali alipo, hadi machozi yakaisha.

Kisha Mama akajifuta kwa upindo wa gauni, akaenda mezani. Akauchukua muhuri, akaukandamiza kwenye wino kwa kani ya miaka thelathini ya ualimu, akaifuata kalenda ya Bosi ukutani. Akagonga, pa! juu ya lile duara jekundu. Akachukua kalamu, akajaza namba 1, na chini yake akatia saini ile ile aliyokuwa akiitia kwenye ripoti za wanafunzi.

"Haya, mwaka mwingine," alisema. "Umebakiwa na mawili. Usiyatumie ovyo."